Kiingilio Buku Tano, Matumizi Elfu Kumi na Tano

Tangazo la mechi huandika kiingilio kwa maandishi makubwa: viti vya mzunguko Sh 5,000. Haliandiki nauli, haliandiki maji, haliandiki bodaboda ya kurudi usiku wakati daladala zinapita zimejaa hadi mlangoni. Kama mfukoni una hela ya mechi moja tu mwezi huu, na mechi yenyewe ni wikiendi hii, anza na hesabu ambayo tangazo halikukupa.

Hii ni yangu, kutoka Tabata hadi Uwanja wa Benjamin Mkapa, siku ya Simba na Yanga. Kiingilio 5,000. Daladala mbili za kwenda, 1,400. Makato ya kulipia kwa simu, tuseme 500. Maji na chakula, 4,000, maana siku ya dabi unaingia mchana mapema ili upate kiti cha maana, na chupa yako ya maji inaishia getini. Bodaboda ya kurudi, 4,000 baada ya kubembelezana. Jumla 14,900. Kiingilio ni theluthi moja tu ya gharama. Theluthi mbili zimeishia njiani na tumboni.

Kwa hiyo usihangaike kuokoa buku mbili za kiingilio huku unapoteza buku sita za nauli. Mechi ya uwanja ulio karibu na kwako, hata kiingilio chake kikizidi kidogo, mara nyingi itakutoka nafuu kuliko ya mbali yenye kiingilio cha chini. Anayetoka Mbeya au Mwanza hesabu yake ni nyingine kabisa: nauli ya basi kwenda na kurudi inazidi kiingilio cha mzunguko mara kumi na zaidi, na bado hajalipia pa kulala. Huyo asidanganywe na neno “buku tano”. Anachonunua ni safari, na mechi imo ndani yake.

Kuhusu viti. Mkapa una viti 60,000, na kati ya majukwaa na nyasi kuna njia ya kukimbilia wanariadha. Maana yake aliyekaa nyuma ya goli yuko mbali na mpira kuliko anavyodhani anapolipia. Kwenye mzunguko, ukifika mapema, panda juu na usogee kwenye kona iliyo karibu na katikati ya uwanja. Utaona mchezo mzima kwa bei ileile ya aliyebanwa chini nyuma ya nyavu. Ukikaa upande unaotazama magharibi kwenye mechi ya saa kumi jioni, jua litakukaa usoni, kwa hiyo kofia ya elfu tatu ina faida kuliko kuongeza elfu tano ya jukwaa la juu yake. Viti vya rangi ya chungwa huwa vinauzwa zaidi ya mzunguko, na kwa mechi ya kawaida, uwanja ukiwa nusu tupu, sioni sababu ya kuvinunua. Kwa dabi naiona: pale unalipia nafasi ya kukaa bila kusukumwa, na kama umemleta mtoto hiyo si anasa.

VIP C, B na A ni suala jingine. Bei yake hupanda hadi makumi ya elfu, na unachopata ni kivuli, kiti kizuri na mlango usio na msongamano. Mpira ni uleule. Kama hela ni ya mawazo, ruka.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawajiulizi wanapolipia: unanunua nini hasa? Matokeo utayasikia kesho yake bure redioni. Unachokilipia uwanjani ni zile dakika 90 za kutojua. Mchumi wa Marekani, Simon Rottenberg, aliandika hivyo mwaka 1956 alipochunguza soko la wachezaji wa besiboli: watu hulipa kuona shindano ambalo mwisho wake haujulikani, na ligi ambayo timu moja ina uhakika wa kushinda inajiharibia soko lenyewe. Ukiichukua kauli hiyo kama kipimo cha mnunuzi, bei za ligi yetu zinaanza kuonekana kwa sura nyingine.

Tuitazame Ligi Kuu Tanzania Bara. Mtibwa Sugar ya Turiani, Morogoro, ilichukua ubingwa mwaka 1999 ikarudia 2000. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25, timu moja tu nje ya Simba na Yanga imebeba kombe: Azam FC, msimu wa 2013/14, bila kupoteza mechi. Zamani haikuwa hivi. Tukuyu Stars ya Mbeya ilikuwa bingwa 1986, Coastal Union ya Tanga 1988. Mtoto aliyezaliwa Tukuyu mwaka ule wa 1986 leo ana familia, na hajaona tena kombe likienda mkoani kwake. Simba ilichukua minne mfululizo, 2017/18 hadi 2020/21. Yanga ikajibu kwa minne mfululizo, 2021/22 hadi 2024/25. Majirani zetu Kenya, msimu huohuo wa 2024/25, walimpata bingwa ambaye hakuwahi kulishika kombe hilo, Kenya Police.

Haimaanishi kila mechi yetu imeshaamuliwa. Yanga ilicheza mechi 49 za ligi bila kufungwa, na aliyeivunja rekodi hiyo hakuwa Simba wala Azam. Ni Ihefu, huko Mbarali, Novemba 2022, mabao 2–1. Mwaka 2024, mwezi huohuo wa Novemba, Tabora United iliifunga Yanga 3–1 pale Chamazi, uwanja wa Azam jijini Dar. Waliokuwa Mbarali siku ile walinunua kitu ambacho watu wa Dar wanakitafuta kwenye dabi kwa bei kubwa na mara nyingi hawakipati.

Hapa ndipo kasoro ya bei zetu ilipo. Kiingilio hupangwa kwa jezi iliyoko uwanjani. Ugumu wa mechi hauhesabiwi. Simba au Yanga ikienda mkoani, bei hupanda, mara nyingine maradufu, ingawa kwa rekodi ya miaka ishirini mgeni ndiye mwenye nafasi kubwa ya kushinda. Wiki inayofuata timu hiyohiyo ya mkoani inacheza na mwenzake waliyepishana pointi moja, mechi ngumu ambayo hakuna anayejua itaishaje, na kiingilio kinarudi buku mbili au tatu na majukwaa yanabaki wazi. Kwa mnunuzi mwenye hela kidogo hiyo ni punguzo la bei lililo wazi mbele ya macho yake.

Siwalaumu sana viongozi wa timu za mikoani kwa kupandisha. Kwa utaratibu wetu mapato ya mlangoni, baada ya makato, hubaki kwa mwenyeji. Timu 16 maana yake mechi 30 kwa kila timu, 15 nyumbani, na katika hizo 15 mbili tu ndizo zenye jina la Simba au Yanga. Hizo mbili ndizo mavuno yao ya mwaka. Upande wa pili, Simba na Yanga zinakusanya kwenye mechi zao 15 zote za nyumbani, na hazigawani na aliyekuja kucheza nazo. Pengo linajilisha lenyewe: mwenye mashabiki wengi anapata mapato mengi, anasajili vizuri, anashinda, anapata mashabiki zaidi.

Ukitaka kujua hela yako inakwendaje, chukua tiketi ya 5,000. VAT imo ndani yake, na kwa kiwango cha asilimia 18 ni Sh 763 hivi. Baada ya hapo kuna fungu la uwanja, la Bodi ya Ligi, la shirikisho la soka (TFF), la chama cha mkoa, la Baraza la Michezo na la gharama za mchezo. Klabu hupata kinachobaki. Hii ni hoja ya kukumbuka siku utakapoambiwa kwamba ukikosa kwenda uwanjani “umeinyima timu buku tano”. Hujainyima buku tano.

Na ukisikia klabu inasema kiingilio kimepanda kwa sababu usajili ulikuwa ghali, usikubali haraka. Mchezaji akishasajiliwa, hela yake imeshatoka. Kukuingiza wewe kwenye kiti ambacho kingekaa kitupu hakuongezi senti kwenye mshahara wa mshambuliaji. Bei hupanda kwa sababu muuzaji anaamini utalipa, na hushuka anapoona majukwaa meupe. Hakuna kitu kingine kinachofanya kazi kwenye bei ya tiketi kwa nguvu kama hicho, huku kwetu na ughaibuni pia.

Ushahidi uko Ulaya na Marekani, na ni wa kumsaidia mnunuzi.

Ligi ya futiboli ya Kimarekani (American football), NFL, ndiyo iliyojitahidi kuliko nyingi kusawazisha timu. Tangu 1994 ina kikomo cha mishahara kinachozibana klabu zote. Hela za televisheni zinagawanywa sawasawa kwa timu 32. Sehemu ya mapato ya mlangoni, asilimia 34, huwekwa kwenye kapu la pamoja la timu zinazosafiri. Kwa mpango huo Green Bay, mji wa watu laki moja na kitu, unashindana na timu ya New York. Hakuna timu iliyowahi kutwaa Super Bowl mara tatu mfululizo; Kansas City ilifika mlangoni Februari 2025 ikafungwa na Philadelphia 40–22. Sasa uliza bei. Tiketi za ligi hiyo ni ghali, na klabu kadhaa zinakudai ulipe kwanza maelfu ya dola kwa ajili ya haki tu ya kununua tiketi ya msimu ya kiti fulani. Umelipa na bado hujanunua tiketi. Mishahara imebanwa kwa kanuni, bei haijabanwa, na shabiki ndiye anayeumia.

Ujerumani kuna picha ya kinyume. Pale kanuni inayoitwa 50+1 inawaachia wanachama kura nyingi ndani ya klabu, na bei za kusimama zimebaki ndogo. Jukwaa la kusini la Dortmund linabeba watu zaidi ya 24,000 wakiwa wamesimama. Klabu nyingi hukupa tiketi ambayo ndani yake kuna nauli ya basi na treni ya mjini kwa siku hiyo, kitu ambacho mimi ningekililia hapa kuliko punguzo lolote la kiingilio, kwa sababu tumeshaona nauli inavyotumaliza. Lakini ushindani? Bayern Munich ilichukua ubingwa mara 11 mfululizo, 2013 hadi 2023, ndipo Leverkusen ikaja kuuvunja mnyororo mwaka 2024 bila kupoteza mechi ya ligi. Mwaka uliofuata Bayern ikarudi palepale.

Kwa hiyo bei nafuu haikuletei ligi yenye usawa, na ligi yenye usawa haikuletei bei nafuu. Ni mambo mawili yanayopangwa kwenye meza mbili. Usawa unatoka kwenye namna ya kugawana mapato. Bei inatoka kwenye uvumilivu wako. Kiongozi atakayekwambia uvumilie kiingilio kikubwa ili ligi iwe na ushindani, muulize mgao uko wapi. Hapa kwetu mkataba wa haki za televisheni uliosainiwa 2021 ulikuwa wa miaka 10 na thamani ya Sh bilioni 225.6, wastani wa bilioni 22.56 kwa mwaka. Hela hiyo, ikigawanywa kwa mkono mpana kuelekea chini ya msimamo, inaweza kuifanyia ligi mambo ambayo buku yako ya ziada getini haiwezi hata kuyagusa. Ningependa kuona pia sehemu ya mapato ya mlangoni ya mechi za Simba na Yanga ikienda kwa timu ngeni. Wachezaji 22 ndio waliotengeneza mechi, na 11 wanarudi kwao na nauli tu.

Uingereza inatufundisha upande wa mnunuzi. Februari 2016 Liverpool ilitangaza tiketi ya pauni 77. Maelfu ya mashabiki waliondoka uwanjani dakika ya 77 ya mechi na Sunderland, timu yao ikiwa mbele 2–0. Mechi iliisha 2–2, na ndani ya siku chache wamiliki wakaiondoa bei ile na kuomba radhi. Kuanzia msimu wa 2016/17 tiketi ya shabiki mgeni kwenye Ligi Kuu ya England ikawekewa kikomo cha pauni 30. Hakuna sheria ya Bunge iliyotungwa. Viti vilivyobaki wazi vilitosha. Hata hivyo bei haikulala: Novemba 2024 Manchester United, katikati ya msimu, iliweka pauni 66 kwa tiketi za wanachama zilizosalia, mtoto na mzee bei moja.

Turudi nyumbani kwenye uamuzi wa wikiendi.

Dabi ya Kariakoo, ya Simba na Yanga, ina gharama moja ambayo nadra mtu kuihesabu: inaweza isichezwe. Mei 8, 2021 muda wa mechi ulisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, Yanga ikakataa, na dabi ikaahirishwa watu wakiwa wameshaingia uwanjani. Ilichezwa Julai. Machi 8, 2025 yakarudi kwa sura nyingine: Simba ilisema haitacheza baada ya kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, Bodi ya Ligi ikaahirisha siku ileile, na mchezo ukaja kupigwa Juni 25, Yanga ikishinda 2–0. Mara mbili ndani ya miaka minne. Tiketi inaweza kubaki na thamani yake siku mpya ikipangwa. Nauli ya basi, chumba cha wageni na ruhusa uliyoomba kazini havirudi. Kama unatoka mkoani na bajeti ni ya kubana, mimi nasema dabi itazame kwenye televisheni. Hii nasema nikijua kelele za Mkapa siku ile hazina mfano, na kwamba kila mpenda mpira anastahili kuzisikia walau mara moja maishani. Mara moja, ukiwa na akiba, na ukiwa na ndugu wa kulala kwake Dar.

Kwa mkazi wa Dar mwenye elfu kumi na tano, nunua mechi ya kimataifa ya hatua ya makundi kabla ya dabi. Hapo jina kubwa na kutojua vinakutana. Simba iliifunga Al Ahly 1–0 pale Mkapa Februari 2021. Yanga iliipiga CR Belouizdad 4–0 Februari 2024. Mpinzani ni wa daraja la juu, uwanja unajaa, na kiingilio cha mzunguko mara nyingi hakitofautiani na cha ligi. Tahadhari moja tu: fuatilia uwanja uliotangazwa hadi siku ya mwisho. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya Mei 2025, Simba na RS Berkane, mchezo wa marudiano ulihamishwa kutoka Mkapa kwenda Amaan, Zanzibar. Shabiki wa Temeke aliyepanga kwenda kwa miguu akajikuta anatafuta boti.

Kama elfu kumi na tano ni nyingi, shuka kwenye viwanja vidogo. Chamazi inabeba watu kama 10,000, na pale unasikia kocha anavyomfokea beki wake. Mechi ya Azam na timu ya nafasi ya tano au ya sita haitakupa kelele za Mkapa, lakini utakuwa mita chache kutoka kwenye mstari, na matokeo yake huwezi kuyabashiri kwa uhakika. Kwa mizani ya bei na kutojua, hizo ndizo tiketi bora zaidi ninazozifahamu mjini hapa, na ndizo zinazobaki bila mnunuzi.

Aliyeko mikoani naye ana yake. Zile mechi mbili za Simba na Yanga, kama hujawahi kuwaona wachezaji hao kwa macho, lipa, nenda. Kama umeshawaona, hela ya mechi moja iliyopandishwa bei inakupa mechi mbili au tatu za kawaida za timu yako. Subiri hasa miezi ya mwisho ya msimu. Timu za nafasi ya 15 na 16 hushuka, za 13 na 14 huingia kwenye mchujo, na wakati ubingwa umeshajulikana huko juu, huku chini watu wanacheza kana kwamba nyumba inaungua. Ni mechi zenye jasho kuliko zote za ligi, na kiingilio chake ni cha chini kuliko vyote.

Kwa walanguzi nitasema kidogo. Niliwahi kununua kwa kijana nje ya geti, kwa haraka, mpira ulikuwa umeshaanza. Mashine ikaikataa: tiketi ilikuwa imeshatumika. Buku nane ikaenda, na nikasikiliza kipindi cha kwanza kwa kelele za ukuta. Tangu siku hiyo nakata mapema kwa njia rasmi ya kielektroniki, jina la mechi na tarehe nalisoma kabla ya kubonyeza, na ujumbe wa malipo siufuti hadi nimerudi nyumbani. Kama mfumo unataka kadi, inunue siku za katikati ya wiki. Asubuhi ya mechi foleni ya kadi ndiyo inayowatajirisha walanguzi.

Wasiokwenda uwanjani wana njia mbili, kibanda umiza cha kutazamia mechi mtaani au king'amuzi cha nyumbani, na hapa hesabu inategemea nyumbani mko wangapi. Mtaani kwangu kibanda umiza ni Sh 500 kwa mechi ya kawaida na 1,000 kwa kubwa. Timu moja hucheza kama mechi tatu za ligi kwa mwezi, kwa hiyo anayezifuatilia Simba na Yanga zote ana mechi sita. Kwa bei ya juu kabisa ni Sh 6,000 kwa mwezi. Mtu mmoja hana sababu ya kununua kifurushi cha, tuseme, elfu ishirini kwa ajili ya ligi peke yake. Mkiwa wanne, kibanda kwa bei hiyo ya juu kitawatoka 24,000 na king'amuzi kinaanza kuwa nafuu. Kwa bei ya 500 kibanda bado kinashinda, 12,000. Na ukumbuke king'amuzi kina gharama ya kuanzia: kifaa, dishi, fundi, waya, na umeme. Kifurushi pia huhesabu siku, hakihesabu mechi. Ukilipia wakati ligi imesimama kupisha timu ya taifa au mashindano mengine, umelipia tamthilia. Angalia ratiba kwanza, lipia siku moja kabla ya mechi ya kwanza baada ya mapumziko, na usilipe miezi mitatu kwa mkupuo kwa sababu ya zawadi ya siku saba.

Kibanda nacho kina kasoro zake. Mabenchi magumu, joto, na siku ya dabi unaweza kulipa buku na kusimama. Mtoto mdogo simpeleki. Uimara wa huduma pia si wa kuaminika: umeme ukikatika dakika ya 60 na jenereta haina mafuta, kupata nusu ya hela yako ni kazi ya ugomvi. Uliza kuhusu jenereta kabla hujatoa hela. Mwenye kibanda makini hukuonyesha kwa kidole ilipo.

Jezi ikikuita njiani, iache kwanza. Ya kule kwenye turubai karibu na geti ni ya bei ya chini, ila rangi inaanza kuondoka ukiifua mara chache na klabu haipati kitu. Halisi ni ghali na inadumu misimu kadhaa, mradi hujali kwamba mwakani watatoa nyingine. Inunue siku ambayo si ya mechi, dukani, ukiwa umetulia. Siku ya mechi hela uliyotoka nayo ina kazi moja ya mwisho, ya kukurudisha nyumbani. Mimi huitenga kabisa: buku nne kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, imekunjwa, na haitoki hata timu yangu ikifunga bao la dakika ya 90 na muuza karanga akiwa amesimama mbele yangu.